Hatua Kati ya Meli na Treni

Maneno haya niliyasema Jumamosi iliyopita hapa Mwanza, mbele ya wastaafu wa reli, makuli wa bandarini, mama lishe, vijana wa bodaboda na wanafunzi waliokuja kusikia habari za stesheni yetu. Wengi walinipigia simu baadaye wakisema hawakuweza kufika. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.

Mwadila mhola!

Wazee wenzangu, mama zangu, wanangu na wajukuu zangu, ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu. Najua Jumamosi ya mjini ilivyo. Aliyeacha meza ya samaki pale sokoni ili aje kumsikiliza mzee wa reli, huyo amenipa heshima kubwa.

Nimeombwa niseme juu ya stesheni ya Mwanza. Sasa niwaulize: stesheni ni nini? Ni lile jengo? Ni dirisha la tiketi? Ni saa ya ukutani? Mimi nimefanya kazi ya reli tangu 1979, nikianza na bendera mkononi, nikapanga mabehewa Tabora, nikaja kumalizia utumishi wangu hapa ziwani. Na miaka yote hiyo imenifundisha kuitazama stesheni kwa namna moja tu. Naitazama kwa hatua. Hatua za miguu ya mtu anayetoka kwenye chombo kimoja kwenda kupanda kingine, mzigo kichwani, mtoto mkononi. Stesheni nzuri inazipunguza hatua hizo. Stesheni mbaya inaziongeza.

Shikeni neno hilo, hatua, maana nitalirudia.

Tuanze mbali kidogo. Nani anajua kabla ya reli pamba ya Usukumani ilikuwa inapita wapi kwenda baharini?

Nasikia mmoja anasema Dar es Salaam. Hapana, mwanangu. Ilipita Kisumu. Wakati huo Waingereza walikuwa wamejenga reli kutoka Mombasa, na Desemba 1901 ikafika ziwani mahali walipopaita Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo. Meli zao zililetwa vipande vipande kutoka ng'ambo, zikaungwa kwenye ufuko wa ziwa msumari kwa msumari. Ya kwanza ilikuwa William Mackinnon, iliyoshushwa majini 1900. Zikafuata Winifred, Sybil na Clement Hill. Meli hizo zikazunguka ziwa lote, zikatia nanga hapa, zikapakia ngozi, karanga na pamba, zikarudi Kisumu. Kutoka Kisumu, treni. Kutoka treni, Mombasa.

Oneni jambo hilo. Mji ulikuwa chini ya Mjerumani, lakini mlango wake wa kwenda duniani ulikuwa kwa Mwingereza! Mjerumani alikuwa na reli yake, reli ya kati. Aliianza Dar es Salaam 1905. Ikafika Morogoro, ikafika Dodoma, ikafika Tabora 1912, na mwanzoni mwa 1914 ikafika Kigoma. Kigoma, si Mwanza. Ilitupita kwa mbali, sisi tukabaki tunatazama maji. Kisha vita vikaja, na Julai 1916 Waingereza wakauchukua mji huu.

Hao ndio waliokata tawi kutoka Tabora, likapanda kaskazini kupitia Shinyanga, likafika Mwanza 1928. Karibu kilomita 380 za chuma. Na chuma hasa, maana hata mataluma, yale yanayolazwa chini ya reli kuishikilia, yalikuwa ya chuma, kwa sababu ya mchwa. Taluma la mti katika nchi yetu halikai, mchwa hula.

Kwa hiyo tangu treni ilipofika Kisumu mpaka ilipofika kwetu ilipita miaka 27. Na ilipofika haikuishia juu ya kilima kwa mkubwa wa serikali, wala sokoni. Iliteremka mpaka majini. Ilikuja kukutana na meli. Hiyo ndiyo maana ya stesheni ya Mwanza tangu siku ya kwanza: ni mahali pa kukutania. Ukiitazama peke yake, bila ziwa, huioni.

Sasa nije kwenye umbo lake, kwa sababu vijana wengi mnapita pale kila siku kwa pikipiki na hamjawahi kujiuliza kwa nini kila kitu kipo pale kilipo.

Mji wetu ni mawe. Mnajua wenyewe, mtu akijenga nyumba Isamilo au Bugando anaanza kwa kubembelezana na jiwe. Na treni haipendi kupanda. Gari litapanda mlima, mbuzi atapanda mlima, treni itakataa. Kwa hiyo wapimaji waliitafutia ardhi tambarare, na tambarare pekee ilikuwa kule pembeni ya maji. Ndiyo maana reli ikitoka Fela inateremka, inaukumbatia ufuko wa ghuba, inapita Mwanza Kusini na Igogo, ndipo inaingia mjini na kukoma. Jengo la abiria liko pale inapokomea, karibu na maduka, ili mtu ashuke na kujikuta mjini.

Lakini mizigo ilipewa mahali pake, Mwanza Kusini. Hapo ndipo penye karakana ya meli, na ndipo reli yenyewe inapoingia bandarini. Meli za abiria nazo zikapewa upande wa pili wa mji, Mwanza Kaskazini, ng'ambo ya ile rasi ya Capri Point. Mnaona? Abiria wa treni hapa. Mzigo kule kusini. Abiria wa meli kule kaskazini. Na katikati yake, mji mzima na watu wake.

Mgawanyo huo una akili yake. Hutaki marobota ya pamba na watoto wadogo vipite kwenye mlango mmoja. Lakini una gharama yake pia, na gharama hiyo mimi niliilipa nikiwa na miaka tisa.

Ilikuwa 1966. Baba yangu alikuwa akifanya kazi Tabora, na mama alinichukua kutoka Bukoba kumfuata. Tulipanda meli jioni. Tulikuwa na mikungu miwili ya ndizi, kapu la nguo, na mimi nilipewa nibebe chombo cha senene, kwa sababu mama alisema baba hatatusamehe tukifika bila senene. Usiku upepo ukaamka. Meli ikaenda polepole. Tulipofika gati jua lilikuwa limeshapanda sana.

Mama hakujua mji. Alimuuliza mtu mmoja, "Treni iko wapi?" Yule mtu akaonyesha kwa kidevu, "Kule." Mnajua "kule" ya Mwanza ilivyo ndefu! Tukatembea. Mkungu kichwani, mkungu wa pili kwa mchukuzi tuliyemlipa nusu ya fedha zetu, na mimi nyuma na senene zangu. Kila kona nilidhani tumefika. Tulipofika stesheni, jukwaa lilikuwa tupu. Kule mbele, upande wa Igogo, nikaona moshi.

Ule moshi ndiyo treni yetu.

Na treni iliyofuata haikuwa ya siku ile, wala ya kesho yake. Mama alikaa juu ya kapu, akajifunika uso kwa khanga. Hakulia kwa sauti. Mimi nilisikia tu khanga inavyopumua. Mama mmoja aliyekuwa akiuza uji pale nje akatujia, akasema, "Dada, mtoto huyu amekula?" Usiku mbili tulilala kwake, hakutaka hata senti. Ndizi mkungu mmoja tulimwachia.

Na katika zile siku mbili, mpiga bendera wa zamu ya usiku aliniruhusu nishike taa yake, ile ya vioo viwili, chekundu na kijani. Akanifundisha: hiki simama, hiki pita. Vichwa vya treni wakati ule vilikuwa vya mvuke, na vingine vilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki, yameandikwa ubavuni kwa herufi za shaba. Nilikuwa nayasoma herufi moja moja. Wanangu, mimi kazi yangu niliipata pale, kwa sababu ya treni iliyotuacha.

Sasa niwaulize. Nani alikosea siku ile? Meli ilichelewa kwa upepo. Treni iliondoka kwa saa yake, na treni ikianza kungoja kila meli haitafika Dar es Salaam. Kila mmoja alifanya kazi yake sawasawa. Tatizo lilikuwa katikati yao. Hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya pale katikati. Meli ina nahodha, treni ina dereva, lakini zile hatua kati ya gati na jukwaa hazikuwa na mwenyewe. Na mpaka leo, nawaambia bila kuficha, hazina mwenyewe.

Mkitaka kuona hatua zenye mwenyewe, nendeni mkaone stesheni ya Tabora. Nilikaa pale miaka sita. Treni kutoka Dar es Salaam inaingia na mabehewa ya watu wa sehemu tatu: wa Kigoma, wa Mwanza, wa Mpanda. Pale yanakatwa na kupangwa upya. Abiria wengine wamelala. Kazi yetu ilikuwa kukata behewa, kulisukuma, kulifunga kwenye treni nyingine, na mtoto aliyelala ndani asiamke. Ukigonga kwa nguvu unasikia vikombe vinaanguka, na unasikia mama anakuita jina ambalo si lako. Tulijivunia kufunga behewa kimyakimya kuliko kitu kingine chochote.

Hapo abiria hahesabu hatua hata moja. Behewa ndilo linalotembea.

Lakini hata huko watu walipotea. Mtu anatoka behewa lake la Mwanza, anakwenda kupiga soga na ndugu yake kwenye la Kigoma, usingizi unamchukua, anaamka Urambo! Ilitokea zaidi ya mara moja. Ndiyo sababu mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akipita behewa kwa behewa kabla hatujakata, anaita kwa sauti, "Hili Mwanza! Hili Mwanza! Mwenye kwenda Kigoma ashuke sasa!" Hakuna kitabu cha kazi kilichomwagiza apite hivyo. Alizichukua zile hatua zikawa zake.

Nirudi ziwani, niseme jambo ninalolipenda kuliko yote. Mniwie radhi nikirefusha.

Miaka ya sitini, Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilifanya kitu ambacho nikiwasimulia wajukuu hawaamini. Lilileta meli zenye reli ndani yake. Umoja na Uhuru. Behewa linatoka Tabora na mzigo wake, linafika Mwanza Kusini, na badala ya makuli kuutoa mzigo gunia kwa gunia, behewa zima linaingia melini kwa magurudumu yake. Karibu mabehewa ishirini kwa safari. Meli inavuka ziwa, inafika Port Bell au Kisumu au Jinja, mabehewa yanatoka na kuendelea na safari kama hayajaona maji.

Iliwezekanaje? Kwa sababu moja. Upana wa reli ulikuwa sawa. Mjerumani alijenga mita moja, Mwingereza alijenga mita moja, kila mmoja kwa hesabu zake, na miaka sitini baadaye bahati hiyo ikatufaa sisi. Behewa la Tanzania lilikaa kwenye reli ya Uganda kama limezaliwa pale.

Kulipakia ni kazi ya utulivu. Ziwa linapanda na kushuka. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita mbili, na wazee wa hapa wanakumbuka gati zilizozama. Kwa hiyo kati ya nchi kavu na meli kuna daraja linaloinuka na kushuka, ili reli ya ardhini na reli ya melini zitazamane sawasawa. Na huwezi kujaza upande mmoja kwanza, meli italala. Unasukuma behewa kushoto, unasukuma kulia, unarudi kushoto. Mtu anasimama anatazama ubavu wa meli muda wote, mkono juu. Mkono ukishuka, wote mnasimama.

Jumuiya ilipovunjika 1977, Umoja ikabaki kwetu, Uhuru ikaenda Kenya. Uganda baadaye ikanunua zake tatu, Kabalega, Pamba na Kaawa. Kabalega ilizama Mei 2005 baada ya kugongana na Kaawa. Biashara ya mabehewa majini ikalala. Kwetu miaka ilipita reli ya pale gatini ikiota nyasi, na mimi nilikuwa nikipita naona uchungu. Mwaka 2018 Umoja ilipovuka tena na mabehewa kwenda Port Bell, nilikuwa nimeshastaafu. Nilikwenda hivyo hivyo. Nilisimama nje ya uzio na wazee wenzangu, tukanyamaza mpaka behewa la mwisho likaingia.

Nanyamaza kidogo hapa pia kwa ajili ya jambo jingine. Ukisema meli na stesheni mbele ya watu wa Mwanza na wa Bukoba, kuna tarehe ambayo kila mtu anaiwaza. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama. Siku ile watu walikuwa wanangoja wageni wao. Zaidi ya watu 800 hawakufika. Wengi wako makaburini Igoma. Nikisema hatua kati ya chombo na chombo, nakumbuka kwamba kuna mtu daima amesimama upande wa pili, anangoja.

Basi tuje kwenye siku zetu. Reli mpya inakuja. Juni 2021 jiwe la msingi la kipande cha Mwanza mpaka Isaka, kilomita 341, liliwekwa kule Fela, Misungwi. Dar es Salaam mpaka Dodoma watu wanapanda treni ya umeme tangu 2024, nami nimeipanda, na ninawaambia kwa moyo mweupe: ni kazi nzuri. Mzee aliyezoea kulala njiani usiku mbili anafika Dodoma kabla chai ya chupa haijapoa.

Lakini hesabu iko hapa. Reli mpya ina upana wa milimita 1,435. Reli ya ndani ya Umoja ina 1,000. Reli ya zamani ya Uganda ina 1,000. Kwa hiyo behewa la reli mpya likifika Mwanza halitaingia melini kwa magurudumu yake. Mzigo utahamishwa. Kontena litainuliwa kwa kreni kutoka behewa pana, litawekwa kwenye behewa jembamba, au kwenye lori, au moja kwa moja kwenye meli. Yaani makutano yetu, ambayo baba zetu waliyafanya yasiwe na hatua hata moja, yatapata hatua tena. Je, zitakuwa ngapi? Nani atakuwa mwenyewe? Maswali haya yaulizwe sasa, zege likiwa bado halijakauka.

Na abiria je? Tazameni mji wetu ulivyotawanyika. Treni katikati ya mji. Meli ya Bukoba na Ukerewe, Mwanza Kaskazini. Kivuko cha Kamanga, kwingine. Basi la Shinyanga na Dar es Salaam, Nyegezi. Basi la Musoma, Nyamhongolo. Ndege, Ilemela. Tangu Juni 2025 tuna daraja la Kigongo na Busisi, kilomita tatu juu ya maji, na watu wa Sengerema na Geita wanaingia mjini bila kungoja pantoni. Mama akitoka Geita leo kwenda Ukerewe anapita daraja la kisasa, anashushwa Nyegezi kwenye stendi ya kisasa, na meli mpya ya MV Mwanza ina nafasi ya watu 1,200. Kila kitu kipya. Katikati ya Nyegezi na gati? Mzigo kichwani, daladala imejaa, mvua inakuja, na mtu anamwonyesha kwa kidevu, "Kule."

Naomba nini? Naomba mambo madogo. Ratiba ya meli ibandikwe stesheni, na ya treni ibandikwe gatini. Njia ya watembea kwa miguu yenye kivuli kutoka Mwanza Kaskazini mpaka jukwaani. Daladala moja inayozunguka gati, stesheni na stendi, na inayosubiri meli ikichelewa. Mtu mmoja mwenye kofia na kipaza sauti, anayeita kama yule mzee wa Tabora, "Mwenye kwenda Tabora apite huku!" Fedha za daraja moja zingeyalipia haya kwa miaka mingi sana.

Wiki iliyopita nilitoka geti la Mwanza Kaskazini nikatembea mpaka stesheni, njia ileile niliyoipita na mama. Nilipumzika mara mbili. Mahali pa kukaa sikupaona, nilikaa kwenye kizingiti cha duka la watu. Nataka kuipita tena, safari hii si peke yangu. Jumamosi ijayo saa moja asubuhi nitakuwa getini bandarini. Nimemwalika diwani wetu, amekubali. Wahandisi vijana nawaona mmekaa safu ile ya nyuma, nanyi nawaomba mje. Na kila atakayekuja abebe mzigo wa kilo kumi, aubebe kichwani au mkononi mpaka jukwaani. Mimi nitabeba mkungu wa ndizi.